Kitenzi Mabanoni: Kurudi, Kurudishwa na Kushindiliwa

Katika Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi, uliopitishwa Geneva tarehe 28 Julai 1951, kuna jambo dogo la uandishi ambalo mhakiki wa matini hawezi kulipita bila kusimama. Matini ya Kiingereza inaikataza nchi mwanachama kumfukuza mkimbizi au kumrudisha kwenye mipaka ya nchi ambamo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Lakini mara tu baada ya kitenzi 'return', waandishi wamefungua mabano, ndani ya mabano wakatia alama za kunukuu, na ndani ya alama hizo wakakiweka kitenzi cha Kifaransa, 'refouler'. Mkataba huo una matini mbili zilizo sawa kisheria, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kifaransa. Hapakuwa na haja ya lugha moja kumwazima mwenziwe. Hata hivyo Kiingereza, lugha isiyo na mazoea ya kukiri ufukara, kilikiri hapo kwamba kimepungukiwa.

Tangu siku hizo wanasheria wa Kiingereza wamekikata kitenzi hicho mkia na kukifanya chao: 'to refoule'. Nje ya mahakama na ofisi za wakimbizi hakisikiki, na Mwingereza wa kawaida ukimtajia atadhani umekosea matamshi. Katika makala hii nakusudia kuuliza kitenzi hiki adimu kinasema nini ambacho 'kurudisha' hakisemi, na swali hilo lina uzito gani wa kimaadili kwa mtumiaji wa Kiswahili. Nauliza nikiwa Lodwar, kilomita zipatazo 120 kutoka Kakuma, ambako kitenzi hiki si suala la makamusi. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na ile ya 2021 iliyochukua nafasi yake, zote mbili zinakikataza kitendo kinachotajwa na kitenzi hicho. Mkalimani anayeketi baina ya ofisa na mkimbizi hana budi kukitaja kitendo hicho kwa Kiswahili, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Asili ya kitenzi chenyewe iko katika kazi ya mikono, au tuseme kazi ya miguu. Warumi walikuwa na fundi wa nguo waliyemwita 'fullo'. Fundi huyu aliloweka kitambaa cha sufu ndani ya birika, akaingia humo mwenyewe na kukivyoga kwa nyayo mpaka kikashikamana, kikawa kizito, kikanywea. Kutokana na kazi yake Kifaransa kikapata 'fouler', yaani kuvyoga, kukanyaga, kukandamiza. Kiingereza nacho kina kitenzi cha ufundi huo huo, 'full', na jina la ukoo Fuller. Ndugu mwingine wa tumbo hilo ni 'foule', umati, maana yake watu waliosongamana kama nyuzi za sufu birikani. Kiambishi 're-' kikaongeza maana ya unyuma. Kwa hiyo Mfaransa hukitumia 'refouler' kwa pampu inayoyasukuma maji kwa nguvu, kwa mtu anayeyazuia machozi yake yasitoke, na zamani kwa askari wa mzinga aliyeshindilia baruti kwa mti uitwao 'refouloir'. Wafasiri wa Freud walikichagua kitenzi hicho kutaja yale ambayo nafsi huyasukumia gizani yasionekane, na wahakiki tuliosoma nadharia hiyo tunajua kwamba yakishasukumwa hayatulii huko.

Jambo linaloyaunganisha matumizi haya yote ni kwamba kinachosukumwa kina mwendo wake chenyewe. Machozi yanataka kutoka. Umati unataka kupita. Kitenzi hiki, kwa hiyo, hakitaji tu kitendo cha anayesukuma, bali kinashuhudia kwamba upande wa pili kulikuwa na nguvu, na pengine nia. Kitenzi 'return' hakina ushahidi huo.

Na chetu je? 'Kurudi' ni kitenzi kipana. Mtu hurudi nyumbani. Nguo ikifuliwa hurudi, yaani hunywea. Na katika Kiswahili cha wazee mzazi humrudi mwanawe, yaani humwadibu, na adhabu hiyo huitwa marudi. Chimbuko ni kitenzi cha Kiarabu 'radda', ambacho nacho kina maana ya kurejesha na pia ya kusukumia mbali. Msomaji atakuwa ameshaona kwamba nguo inayorudi kwa Kiswahili na nguo iliyovyogwa na fundi wa Kirumi zimefikia hali moja. Ni sadfa tu, wala sitaki kuijengea nadharia, ingawa ni sadfa inayopendeza.

Tukikinyambua kitenzi hicho na kupata 'rudisha', maana inabadilika kuliko inavyotarajiwa. Twasema rudisha kikombe jikoni, rudisha kitabu maktaba, rudisha deni la watu. Katika kila tungo kati ya hizi kuna mahali pa haki pa kitu husika, na anayerudisha ni mtu mwema, au walau mtiifu; sijapata kusikia mtoto aliyechapwa kwa kosa la kurudisha. Kauli ya usababishi imekuja na hukumu yake ya kimaadili, na hukumu hiyo inamwelekea mtendwa: kama amerudishwa, basi hakupaswa kuwa alipokuwa. Ndiyo maana taarifa ya habari inayosema kwamba wageni kadhaa 'wamerudishwa kwao' husikika kana kwamba chumba kilichovurugika kimepangwa upya. Neno 'kwao' hapo limefanya nusu ya kazi. Hakuna anayeuliza kama huko kwao bado ni kwao, wala kama aliondoka akitembea au akikimbia.

Vitenzi vingine vilivyo jirani havitusaidii sana. 'Kufukuza' kunataja nguvu lakini hakujali mtu anakoangukia. Mwenye kufukuza hutosheka mlango ukishafungwa. 'Kutimua' kuna mzaha ndani yake. Hapa Turkana wengine wangependekeza 'kuswaga', na kweli kuswaga kunajua kuanza kwa fimbo na kuishia kwenye maji au zizini. Lakini mbuzi huswagwa kwa faida yao pia, na zaidi ya hayo sioni vema tumpe mkimbizi kitenzi cha mifugo.

Historia ya mabano yale inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha hatari ya neno kuingia katika matini bila kufafanuliwa. Katika mkutano wa Julai 1951 mjumbe wa Uholanzi, akiufuata ufafanuzi wa mjumbe wa Uswisi, alitaka ieleweke kwamba ibara hii haihusu umati mkubwa wa watu unaovuka mpaka kwa pamoja. Katika mjadala huo mwenyekiti akapendekeza kwamba neno la Kifaransa lifuatane na lile la Kiingereza kila linapotokea. Yaani kitenzi ambacho ndugu yake ni 'umati' kiliingia ndani ya sheria siku ambayo umati ulikuwa ukiogopwa. Sidai kwamba wajumbe walilitambua hilo.

Miaka 42 baadaye mabano hayo yaliamua mambo ya watu. Baada ya mapinduzi ya Haiti ya Septemba 1991 maelfu ya Wahaiti walipanda mashua kuelekea Marekani. Mwezi wa Mei 1992 Rais George Bush aliamuru wanamaji wawakamate baharini na kuwapeleka moja kwa moja Haiti bila kuulizwa lolote. Rais Clinton, aliyekuwa ameilaumu amri hiyo akiwa mgombea, aliiendeleza. Kesi ilifika Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, na tarehe 21 Juni 1993 majaji wanane kati ya tisa waliihalalisha. Jaji Stevens, aliyeandika uamuzi, alifungua makamusi. Akaona kwamba 'refouler' hufasiriwa kwa vitenzi vya kukinga, kuzuia na kusukuma nyuma, wala hakifasiriwi kwa 'return'. Akahitimisha kwamba mabano yanakipunguza kitenzi cha Kiingereza: kinachokatazwa ni kumzuia mtu mpakani, si kumchukua katikati ya bahari na kumsafirisha hadi alikotoka. Alikubali kwamba huenda matendo hayo yanakwenda kinyume cha roho ya ibara, ila akaona roho haitoshi kuifunga serikali.

Kwangu mimi huo ni usomaji mbaya, na nasema hivyo kama mwalimu wa fasihi, si kama mwanasheria. Msomaji makini anapoona matini imeongeza neno la pili, hujiuliza kwanza neno la kwanza lilikuwa limeacha nini nje. Stevens aliuliza kinyume chake: neno la pili linanipa ruhusa ya kuacha nini? Jaji Blackmun, aliyebaki peke yake upande wa pili, alilichukua 'return' kwa maana ambayo kila mtu analijua, na akaonyesha kwamba magazeti ya Ufaransa yalikuwa yakikitumia kitenzi 'refouler' hasa kwa kisa hicho hicho cha Wahaiti. Wenye lugha yao, basi, hawakuuona mpaka ule ambao kamusi ya jaji iliuchora. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kisa cha Wasomali na Waeritrea waliokamatwa baharini na Italia na kupelekwa Libya, ilifuata njia iliyo karibu zaidi na ya Blackmun.

Mwaka huo huo wa 1992 ambao amri ile ilitolewa Marekani, umati uliokuwa ukiogopwa Geneva ulifika Turkana. Wengi wao walikuwa vijana wa kiume kutoka kusini mwa Sudan, waliokuwa wamekimbilia Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 walisukumwa nje ya kambi zao kwa mtutu wa bunduki, wakalazimika kuvuka mto Gilo uliofurika, na wengi walizama. Waliosalia walijikuta tena ndani ya nchi waliyoikimbia, wakatembea hadi Lokichoggio, na kutoka hapo wakaletwa Kakuma. Je, tuseme kwamba vijana hao 'walirudishwa' Sudan? Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Lakini ukiisoma hutamwona hata kijana mmoja ndani ya maji.

Naomba msomaji anivumilie kidogo kuhusu jina la mahali hapo. Katika maandishi mengi ya Kiingereza juu ya kambi hii hudaiwa kwamba 'Kakuma' ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Kiswahili hakina neno hilo. Mswahili yeyote angaliulizwa angalisema hivyo, ingawa kwa haya kidogo, maana silabi mbili za mwisho za jina hilo zina maana nyingine ambayo haiandikwi katika jarida la idara. Upotoshaji huu haunichekeshi sana. Kakuma palikuwa pa Waturkana, kando ya mto wa msimu wa Tarach, kabla ya hema la kwanza. Kumwambia msomaji kwamba hapakuwa popote ni kumwambia kwamba hapakuwa na mwenyeji. Serikali ya kikoloni nayo iliitazama Turkana kwa jicho hilo hilo, ikaifunga wilaya nzima na kuifanya ghala la watu isiotaka kuwaona. Lokitaung ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake, na Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 aliletwa hapa Lodwar kuishi chini ya zuio hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nchi hii inajua maana ya mtu kusukumiwa mahali na kufungiwa humo muda mrefu kabla ya mkimbizi wa kwanza kufika.

Kisha mambo yakazidi kuchanganyika. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005, Wasudani wengi waliondoka Kakuma, na kila mtu akasema wamerudi. Sudan Kusini ikapata uhuru Julai 2011. Desemba 2013 vita vikazuka Juba, na kufikia 2014 wengi walikuwa tena Kakuma, baadhi yao wakiwa na watoto waliozaliwa baada ya amani. Watu wa mji wakasema vilevile: wamerudi. Kitenzi kimoja kimetumika kwa safari mbili zinazopingana, wala hakuna aliyeona ajabu. Kiswahili hakimlazimishi msemaji kusema amesimama upande gani wa safari. Kiturkana, kwa upande wake, kina viambishi vya kitenzi vinavyoonyesha kama mwendo unamjia msemaji au unamwacha, kiasi kwamba mwenyeji wa hapa anaposimulia mwendo hujiweka mwenyewe katika ramani. Sisemi kwamba lugha yenye kiambishi hicho ina maadili bora kuliko isiyo nacho. Huo ungekuwa ujinga wa aina yake. Ila ina faida moja: inamnyima msemaji nafasi ya kujificha.

Tukitafute basi kitenzi chetu. Baadhi ya wenzangu wangekubali kukitohoa tu, tuseme 'kurefula', na jambo liishe. Hofu yangu ni kwamba neno la namna hiyo litabaki ofisini kama lilivyobaki la Kiingereza, na mtu atakayetendewa kitendo hicho atakuwa wa mwisho kulielewa. Napendekeza tukitazame upya kitenzi 'kushindilia'. Tunashindilia nguo ndani ya sanduku, utingo hushindilia abiria ndani ya matatu, na mababu walishindilia bunduki za gobori kwa baruti, kitendo kile kile cha askari wa Kifaransa na mti wake. Anayeshindiliwa anapinga, na nafasi anamotiwa haimtoshi. Yote mawili yamo ndani ya kitenzi bila msaada wa kielezi. Hapo ndipo kinapokishinda kirai 'kurudisha kwa nguvu' kinachotumika aghalabu, kwa maana kielezi huweza kukatwa na mhariri mwenye haraka, kikabaki kile kitendo chema cha kikombe na jikoni.

Pingamizi liko wazi: kushindilia hakuna unyuma. Mtu aweza kushindiliwa popote, hata ndani ya kambi yenyewe. Nakubali. Lakini Kiingereza nacho hakikuweza kuyasema yote kwa neno moja, na badala ya kujifanya kinaweza, kikaweka maneno mawili. Nasi tufanye hivyo, ila bila mabano, ili asitokee jaji wa kusema kwamba la pili limekuja kulipunguza la kwanza: ni marufuku kumrudisha mtu, na ni marufuku kumshindilia, katika hatari aliyoikimbia.

Kuna matini nyingine ambayo haikuhitaji kuazima. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1992, hauna mabano wala Kifaransa katika matini yake ya Kiingereza. Ibara ya 2 inakataza kukataliwa mpakani, kurudishwa na kufukuzwa, kisha inaongeza jambo ambalo Geneva hawakulitamka: inakataza hatua ambazo zitamlazimu mtu arudi au abaki mahali ambapo uhai, mwili au uhuru wake umo hatarini. Tuiangalie sarufi yake. Katika 'kumrudisha' serikali ndiyo inayotenda na mtu ndiye kitu kinachochukuliwa. Katika 'kumlazimu arudi' vitenzi ni viwili, na cha pili mtendaji wake ni mkimbizi mwenyewe. Anatembea kwa miguu yake. Waandishi wa Addis Ababa walijua kwamba mtu anaweza kutembea kwa miguu yake na bado akawa amesukumwa.

Hili si jambo la kinadharia. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha uamuzi wa serikali wa kuifunga kambi ya Dadaab, ikiona kwamba kufunga kambi ni kuvunja katazo hilo hilo, ingawa hapana mtu aliyekuwa amebebwa na kuvushwa mpaka. Mwezi wa Machi 2021 serikali ilitangaza tena nia ya kuzifunga Dadaab na Kakuma, na muda uliowekwa, Juni 2022, ukapita kambi zikiwa bado wazi. Lakini kambi haihitaji kufungwa ili watu waondoke. Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa hadi chini ya nusu ya kiasi kamili, na mwezi wa Machi watu waliandamana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni amekaa zaidi ya miaka 30 kwa sheria ambazo kwa sehemu kubwa ya muda huo hazikumruhusu hata kwenda kulitafuta jembe bila kibali, na sasa chakula chenyewe kinaondolewa. Akifunga mzigo wake tutasema nini? Tutasema amerudi. Kauli ya kutenda, mtendaji mmoja, hakuna mwingine katika sentensi.

Aristotle aliwahi kuuliza swali la nahodha anayetosa shehena katika dhoruba: je, ameitosa kwa hiari? Akajibu kwamba matendo ya namna hiyo ni mchanganyiko, kwani mkono ni wa nahodha, lakini hakuna mwenye akili atoaye mali baharini bila kulazimishwa. Watu wa pwani yetu, waliotosa shehena mara nyingi, wasingepata shida kumwelewa. Tofauti ni kwamba dhoruba ya nahodha haina mwandishi. Mgao unaopunguzwa una mtu aliyetia sahihi, na juu yake mwingine aliyekata fedha, na juu yake bunge la nchi ya mbali. Mnyororo huo wote unatoweka pindi kitenzi kikibaki 'kurudi'.

Mashirika yana fomu ya kurejea kwa hiari. Kabla ya kuijaza, mtu huelezwa hali ilivyo huko aendako na kuulizwa kama ameamua mwenyewe, na iwapo hajui kuandika hutia kidole gumba. Mkalimani akiulizwa kulitafsiri jibu lake atasema 'nimeamua kurudi', na hatakuwa amekosea hata silabi moja. Sijui sarufi yoyote itakayomruhusu kuongeza, kwa kiambishi au kwa neno, ni nani mwingine aliyeamua pamoja naye. Na kama angeongeza, fomu haina mstari wa kuandikia.